Mtani Ana Deni

Wanaume wanaokaa kwenye benchi la kibaraza changu hapa Korogwe wana lalamiko moja wasilolichoka: siku hizi mtu huwezi kusema kitu. Ukimwita mtu kilema, umekosea. Ukimwita mwehu, umekosea. Ukisema zeruzeru, anatokea kijana aliyetoka semina juzi anakusahihisha mbele ya wakwe zako, sema mtu mwenye ualbino. "Fundi," wananiambia, maana mimi ni fundi cherehani, "zamani tulitaniana na hakuna aliyelalamika. Sasa utani umekuwa kosa la jinai."

Nimelisikia lalamiko hilo kibarazani, nimelisikia ndani ya basi la Handeni, na nimelisikia kwenye misiba ya kwetu Mpale. Wanaolisema si watu wabaya. Wengi nimewashonea sare za watoto wao, nawajua ni walipaji na ni watu wa kusaidia. Lakini kwenye hili wamepotoka, na inaniuma zaidi kwa sababu wanajitetea kwa jina la kitu ninachokipenda. Wanachokiita utani si utani. Wameishika haki ya mtani, deni lake wamelitupa.

Mimi ni Msambaa wa Mpale, kule mlimani, na nimeolewa na Mzigua wa Handeni. Nimelelewa katika utani na nimeolewa katika utani. Babu yangu aliniita mke wake tangu sijaota meno, na bibi alinigombeza kama mke mwenza kila nilipomwaga maji. Binamu zangu wa kwa mjomba walikuwa na ruhusa ya kuninyang'anya chochote nilichoshika, hata sahani ya wali, nami nilikuwa na ruhusa hiyo hiyo kwao. Nilipofika ukweni, shemeji zangu walinipokea kwa maneno ambayo yangetoka kwa mtu mwingine ningefunga mizigo siku ile ile. Sihitaji mtu wa kunifundisha kwamba tusi laweza kuwa upendo.

Ila tuangalie utani wenyewe ulivyojengwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kuja pwani katika karne ya 19 walipita nchi za watu wasiowajua, wengine wakiwa na njaa, wengine wagonjwa. Utani ndio uliowapa pa kulala na cha kula, na aliyefia njiani alipata wa kumzika. Kwa makabila mengine wazee husimulia kwamba chanzo kilikuwa vita: waliochoka kuuana walikubaliana watukanane. Reginald Moreau, Mwingereza mtaalamu wa ndege aliyeanza kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara ya Mashariki, mwaka 1928, aliweka ndege wake kando akaandika makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika katika miaka ya 1940. Miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya masimulizi ya namna hiyo kutoka pande nyingi za nchi. Hao ni wasomi waliotoka mbali, na walichokiandika kinalingana na alichokijua bibi yangu ambaye hakuwahi kukaa darasani: mtani ana kazi.

Nenda msibani uone. Mtani anaingia amevaa kanzu ya marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Anaruka ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka alipwe. Anawauliza watoto wa marehemu kama wameshagawana kuku. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyeamka alfajiri kuchimba kaburi. Ndiye aliyepasua kuni. Pale ambapo mila inaruhusu, ndiye anayemwosha maiti na kuziondoa nguo zake nyumbani, kazi ambayo mtoto wa marehemu angeifanya kwa moyo uliopasuka. Anaruhusiwa kucheka na kifo chako kwa sababu kukuzika ni jukumu lake.

Na hamtanii kila mtu. Utani una mipaka inayojulikana: wa kabila kwa kabila, wa ukoo, wa babu na mjukuu, wa binamu, wa shemeji. Aliye nje ya mipaka hiyo anaamkiwa kwa heshima. Aliye ndani yake anakutukana, wewe unamrudishia, na nyote wawili mnajua kwamba mkono wako ni mrefu sawa na wake. Hakuna utani wa upande mmoja. Hakuna utani wa watu kumi kumzunguka mmoja.

Kwenye msiba mmoja Mpale nilimsikia kijana akimpigia kelele mama mmoja aliyekuwa akipandisha ndoo ya maji. Mama yule mguu wake mmoja ni mfupi, na kijana alikuwa akimwigiza anavyotembea, wenzake wakicheka. Mama mwingine alipomkemea, kijana akasema lile lile la siku zote, si utani tu. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye mkeka alimwita. Hakumfokea. Alimuuliza, "Mwanangu, wewe ni mtani wake wa wapi? Wa kabila, wa ukoo, au wa ndoa?" Kijana akawa hana jibu. "Basi kama si mtani wake, ndoo zilizobaki utachota wewe." Na akachota, mpaka pipa likajaa.

Mzee yule hakuwahi kuhudhuria semina yoyote ya haki za watu wenye ulemavu, lakini aliielewa kuliko wengi waliolipwa posho kuikalia.

Nina mdogo wangu anayeumwa akili. Alianza akiwa kijana mzima, mwenye shamba lake la maharage na mchumba tayari. Alianza kwa kutolala, kisha kusema na watu tusiowaona, kisha kutembea usiku. Baada ya mahangaiko mengi ndugu walimpeleka Lutindi. Lutindi iko katika wilaya yetu hii ya Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, na mwaka 1904 ikageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, zaidi ya miaka 20 kabla ya Mirembe ya Dodoma kujengwa. Leo iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, na wagonjwa wanaopata nafuu hufanya kazi za mikono, bustani, mifugo, ili mtu asisahau kwamba mikono yake bado ina faida. Mdogo wangu alirudi kutoka kule akiwa anaweza kulima tena.

Wilaya yenye hospitali kama hiyo ingestahili kujivuna. Sisi tumelifanya jina lake kuwa tusi. Kama watu wa kwingine wanavyosema "huyo wa Mirembe," sisi tunasema "huyo wa Lutindi," na hilo ndilo jina ambalo mdogo wangu alilikuta likimsubiri njia panda. Watoto walimwimbia. Watu wazima walimwita hivyo gulioni wakati wa kumlipa maharage yake, na wengine walimpunja kwa kuwa "wa Lutindi hajui hesabu." Ukiwauliza, ni utani.

Sasa kuna mtu mmoja pale kijijini, binamu yetu, ambaye humwita mdogo wangu maneno makali kuliko wote. "Kichaa wangu ameamka?" anauliza uani asubuhi, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Na mdogo wangu anajibu kutoka ndani, "Mchawi wangu, umelala na nani usiku kucha?" Wanatukanana hivyo mpaka chai iive. Siku ya kliniki, binamu huyo ndiye anayemshika mkono kuteremka mlima. Dawa zikiisha yeye ndiye anayejua kabla yangu. Usiku ule mdogo wangu aliporudiwa na ugonjwa, akaingia msituni bila nguo, binamu alimfuata na blanketi, wakakaa huko mpaka kukapambazuka, akamrudisha nyumbani kwa njia ya nyuma ili watu wa njiani wasimwone.

Ukimpeleka binamu yangu kwenye semina, wataandika kwenye bango kubwa lile neno analolitumia, na watalipiga mstari mwekundu. Watakuwa wamekosea. Na ukimchukua mpunjaji wa gulioni, ukamfundisha kusema "mtu mwenye changamoto ya afya ya akili," akalisema vizuri kabisa huku bado anampunja maharage, hapo napo hatujapiga hatua. Hili ndilo ambalo watu wa benchi wameliona nusu yake. Wameona kwamba neno peke yake halitoshi. Wakahitimisha kwamba basi neno halina maana, na hapo ndipo ninapoachana nao.

Kwa sababu mambo mengi ya maisha yetu ya leo hayapiti kwa watani. Yanapita kwa mtendaji, kwa karani wa mikopo, kwa mwalimu wa zamu mbele ya mstari wa asubuhi, kwa kijana wa redio, kwa anayetangaza mkutano kwa kipaza sauti juu ya pikipiki. Hao si watani wa mtu. Mdogo wangu hawezi kumjibu mtendaji "mchawi wangu" akabaki salama. Pale ambapo mmoja ana kalamu na mwingine ana shida, hakuna usawa wa kutukanana, kwa hiyo hakuna utani, na lugha inayobaki ni ya staha. Hapo sitaki mchezo hata kidogo. Mwalimu anayemwita mtoto "wewe bubu" mbele ya darasa amewapa watoto arobaini kibali cha mwaka mzima. Karani anayepaza sauti "vilema mpite huku" amewaambia wote waliopanga foleni nani ana thamani ndogo.

Na staha nayo ina deni lake. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Tuna utaratibu wa halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema sana. Lakini nimeona ofisi moja ambako tangazo la mikopo hiyo, lililoandikwa kwa maneno yote ya staha yanayotakiwa, lilibandikwa ghorofani, na ngazi zake hazina hata pa kushika. Aliyelibandika ana deni kama la yule kijana wa msibani. Tofauti ni kwamba hakuna mzee aliyemwambia achote maji.

Tusidanganyike kwamba mambo haya yameletwa juzi na wazungu, kama benchi linavyopenda kusema. Nchi hii iliamua zamani kutunza ulimi wake. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao. Mwaka ule ule wa Azimio la Arusha tuliendelea kufundishwa kuitana ndugu, mkubwa na mdogo. Sisi wa Korogwe tulilihitaji hilo kuliko wengi, kwa sababu mashamba ya mkonge yalituletea manamba kutoka kila upande, Waha, Warundi, Wanyamwezi, Wangoni, Wamakonde waliovuka Ruvuma. Wamakonde wale waliitwa Wamawia, nao hawakulipenda jina hilo. Wajukuu wao leo ni majirani zetu, wakwe zetu, na mafundi wenzangu. Tunaweza kucheka kwamba Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushtaki kesi ya kuku, na Mpare mwenyewe ndiye anayeisimulia vizuri zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyepewa wala kunyimwa ardhi kwa sababu ya kuitwa Mpare. Mzaha ule umekaa juu ya kazi kubwa iliyofanywa kabla yake.

Jirani zetu Wakenya walilipa ili kujifunza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na watu ndani. Neno madoadoa, ambalo huku kwetu ni la kitambaa, kule lilikuwa limeshatumika kuwataja jirani waliotakiwa kuondolewa. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya chuki, madoadoa yakiwemo, kibarazani kwangu watu walicheka, wakasema Wakenya wamekosa kazi. Mimi sikucheka. Huwezi kumchoma jirani unayemwita kwa jina lake. Kwanza unamtafutia jina jingine.

Na sisi Watanzania hatuna cha kuwacheka. Tangu katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino wasiopungua 70 wameuawa nchini mwetu kwa ajili ya viungo vyao, wengi wao Kanda ya Ziwa. Mwaka 2024 aliuawa mtoto mdogo huko Muleba, Kagera, ambaye alikuwa hata hajafika umri wa kwenda shule. Watu wenye ualbino wamesimulia mara nyingi kwamba wakipita barabarani wanaitwa "dili." Anayeita hivyo, ukimuuliza, atakwambia utani. Ametaja bei ya mtu mbele ya mtu mwenyewe, katika nchi ambako kuna wanunuzi. Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge mwaka 2008, na mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwany. Hao wawili, wenyewe watu wenye ualbino, walisimama bungeni, na watu wenye ualbino wameshasema wanataka kuitwa nini. Kumwita mtu jina alilokuomba umwite ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kulala umefunga milango kwa minyororo.

Nasema alilokuomba, kwa sababu hapa semina nazo hukosea. Chama cha Viziwi Tanzania kimejiita hivyo chenyewe, viziwi, bila kuzunguka, na bado nimesikia maofisa wakiwarefushia jina mpaka wenyewe hawajui kama ni wao wanaozungumziwa. Dawa yake si bango jingine. Muulize mhusika. Kwenye miji midogo kama yetu mhusika yuko hatua chache tu, hana ofisi ya kuandikiwa barua.

Wako pia waliokuja bila mtani hata mmoja. Kule Chogo, Handeni, wanaishi watu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nchi hii ya Wazigua katika karne ya 19 wakapelekwa Somalia. Walikaa bonde la mto Juba vizazi na vizazi, wakiitwa huko kwa majina ya kitumwa, na hawakukiacha Kizigua. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 walikimbilia walikosikia ni kwao, na baadaye wengi walipewa uraia. Mama mkwe wangu alipowasikia wakiongea alisema hicho ni Kizigua cha bibi yake. Hata hivyo, nimewasikia wakiitwa wakimbizi na watu wanaoongea lugha ile ile. Na huko Msomera, wilaya hiyo hiyo, tangu Juni 2022 wamekuja Wamaasai wa Ngorongoro, nao wana majina waliyokwisha kubandikwa kwenye magulio. Mgeni hana wa kumrudishia. Utani naye utakuja, kama ulivyokuja na Wanyamwezi, lakini utaanza siku mtakapozikana. Kabla ya hapo ni karibu, ni ndugu, ni jina lake.

Mkutano mkuu ujao wa kijiji nitapanda Mpale, na nimeshamwomba mwenyekiti nafasi ya kusema. Sitaomba sheria ndogo ya kutoza watu faini kwa neno kichaa. Nitaomba daftari la zamu. Kijijini kwetu wagonjwa wa akili wanaojulikana si wengi, na kila mmoja ana siku ya kliniki, ana nauli isiyotosha, ana mlima wa kuteremka. Kila anayedai kwamba yeye na mdogo wangu ni watani tu, nitataka jina lake liandikwe kwenye daftari hilo, na tarehe yake mbele yake. Binamu yetu atakuwa wa kwanza, ameshasema.